Maji ya Kaskazi nayo yatolewe tahadhari

Ndugu Mhariri,

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia mvua za vuli na masika kabla hazijaanza, na wenye vyombo hupewa habari za upepo na mawimbi. Twashukuru. Lakini sijawahi kusikia tangazo la kumwambia mkulima wa mwani wa Paje au mvuvi wa Pemba kwamba Kaskazi hii maji yatakuwa na joto kupita kiasi, na kwamba joto hilo huotesha mwani wenye sumu, yaani mwani mdogo wa kujiotea, si huu tunaoupanda. Hilo ndilo ninaloliomba.

Kuanzia Desemba hadi Machi bahari yetu hutulia. Upepo mwepesi, jua kali. Maji ya juu hupata moto yakabaki juu, hayachanganyiki na ya chini yenye baridi na rutuba. Viumbe wengi wadogo hukosa chakula. Trikodesmiamu, aina mojawapo ya mwani huo mdogo, haikosi, maana naitrojeni, rutuba yake, huitoa hewani na yenyewe huelea. Ndiyo ile michirizi ya kahawia wavuvi wanayoikuta juu ya maji, kama unga wa mbao uliomwagika. Mwaka wa El Niño, Bahari ya Pasifiki inapopata moto kuliko kawaida, joto la bahari yetu nalo huzidi, na ikiwa upande wetu wa Bahari ya Hindi nao umepata moto kuliko upande wa Indonesia, vuli hufurika: Rufiji, Ruvu na Pangani hushusha baharini matope na mbolea za mashambani. Hapo hata mwani usiojitafutia naitrojeni hupata cha kula.

Wanaoumia kwanza ni akina mama. Iko aina nyingine ya mwani wa kujiotea iitwayo lingibia, nyuzi nyembamba zenye utelezi, hujisokota kwenye kamba za mwani uliopandwa. Mama huinama maji ya bamvua yakitoka, anaichambua kwa mikono mitupu. Baadaye ngozi inawasha, inatoka malengelenge. Na katika mwani wa kupandwa, ule wa kotoni, wenye bei nzuri kuliko aina ya spinosamu, ulishawashinda wengi kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto na maradhi.

Kisha kuna kasa. Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kula nyama yake. Machi 2024, Kisiwa Panza, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja, wengine 78 wakalazwa. Wataalamu wanaamini kasa huipata sumu hiyo kwa kula mwani wenye sumu, na nyama ikichemshwa namna gani sumu haitoki. Simsingizii El Niño vifo hivyo. Ninachosema ni kwamba kisiwa kilichozika watoto wake kina haki ya kupimiwa maji yake.

Kupima kunawezekana. Mwaka 2015 pwani ya magharibi ya Marekani ilikumbwa na maji ya moto yaliyokaa muda mrefu, mwani wa Pseudo-nitzschia ukasambaa, na sumu yake ikaingia kwenye kaa. California walipima kaa kabla ya msimu wa Novemba, wakaikuta sumu, wakazuia uvuvi hadi mwishoni mwa Machi 2016, sehemu nyingine hadi Mei. Wavuvi walipata hasara kubwa, lakini kaa wale hawakufika sokoni. Na tusidhani haya ni ya mbali: mwaka 2008 hadi 2009 maji mekundu, yaani bahari iliyogeuka rangi kwa wingi wa mwani, yaliua samaki Oman na Ghuba, yakafungisha mitambo ya kusafisha maji ya kunywa.

Sisi tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Unguja, tuna wataalamu, na hadubini inatosha kuanzia. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi iwape fedha za kuchota maji kila wiki wakati wa Kaskazi, walau Paje, Kisiwa Panza na madiko machache ya Bara. Matokeo yaunganishwe na utabiri wa msimu, yapelekwe kwa masheha, kamati za wavuvi na redio, kwa maneno ya wazi: msiingie bila glavu, msile kasa, msiokote samaki waliokufa. Wauguzi wa vituo vya pwani waelezwe dalili, na kwamba mama anayenyonyesha aliyekula kasa anaweza kumpitishia mtoto sumu kwa maziwa.

Kaskazi huanza Desemba. Vipimo vianze Novemba, maji hayajatulia bado.

Msomaji wako,
Makunduchi, Unguja