Cheche za chumba cha giza si jini wala si filamu mbovu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalowasumbua vijana wa Unguja na Pemba waliorudi kupiga picha kwa filamu, na ambalo baadhi ya mafundi wanaowasafishia hulijibu kwa mkato kwamba filamu ilikwisha muda wake.

Hivi karibuni kijana mmoja alinijia nyumbani, hapa Chake Chake, akiwa na wasiwasi mkubwa. Alikuwa amejifungia chumbani, ameziba dirisha na upenyo wa mlango, akaanza kuitenga na karatasi yake filamu ya 120, ile pana inayoviringishwa pamoja na karatasi badala ya kukaa ndani ya kasha. Alipofika pale ilipobandikwa kwa utepe wa gundi na kuuvuta, akaona mwanga wa buluu ukipita kama uzi. Wa kwao wakamwambia kuwa chumba hicho kina wenyewe. Nilimtaka arudi usiku, tukakaa gizani kiasi cha dakika 20 mpaka macho yakazoea, kisha nikabandua utepe mwingine kwa nguvu mbele yake. Mwanga ukatokea tena, na chumba kilikuwa changu.

Gundi inapobanduka, upande mmoja huondoka na elektroni za mwenziwe. Tofauti ya chaji ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme huruka katika mwanya ule mwembamba, na naitrojeni iliyomo hewani hutoa mwanga wa buluu pamoja na miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Sukari ya mabonge ikivunjwa gizani hutoa mwanga wa jamii hiyo hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa California walibandua utepe wa kawaida ndani ya chombo kilichoondolewa hewa wakapata hata eksirei, iliyotosha kupiga picha ya mfupa wa kidole. Lakini hayo yanahitaji chombo kisicho na hewa, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuogopa chumbani mwake.

Kwa filamu ya 120 mwanga huo mara nyingi haudhuru, kwa sababu utepe umebandikwa mwanzoni mwa filamu, kabla ya picha ya kwanza. Mwenye hofu aubandue polepole, au aukate kwa mkasi, au aukunje nyuma ya filamu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Filamu ni plastiki, na plastiki ikisuguliwa katika hewa kavu hujaa umeme tuli. Mtu huhisi mchomo wa cheche inapofika takriban volti 3,000, ilhali filamu haisubiri kiasi hicho, na chembe zake za fedha kwa asili huathiriwa hasa na buluu na urujuanimno, yaani mwanga ule ule unaotolewa na cheche. Mtu anayeichomoa filamu ya milimita 35 kwa kasi kupitia mdomo wa kasha lake, wenye kitambaa cha mahameli, anaisugua mgongo na uso kwa pamoja. Mimi huchagua kulifungua kasha lenyewe. Filamu za sinema kwa miaka mingi zilipakwa tabaka jeusi la kaboni mgongoni, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuupunguza umeme huo, kwa kuwa ndani ya kamera ya sinema mkanda hukimbia kwa kasi.

Huenda msomaji akauliza, visiwa hivi vyenye unyevu kiasi hiki vinapata wapi hewa kavu? Zamani suala hilo halikuwapo. Adui yetu alikuwa kuvu, hasa wakati wa masika. Hewa kavu tumeileta wenyewe kwa viyoyozi. Chumba kilichopozwa mchana kutwa, chenye zulia la nailoni, na fundi aliyevaa shati la nailoni, hakina tofauti kubwa na Dodoma wakati wa kiangazi. Mimi hufanya kazi kwa shati la pamba, kiyoyozi kimezimwa, na ndoo ya maji iko sakafuni.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Filamu yangu ya harusi ya jamaa, niliyoirudisha ndani ya kasha lake kwa mkono taratibu nikiwa uani kwenye hewa ya kawaida, ilirudi kutoka duka moja ikiwa na alama zilizotawanyika mithili ya mizizi ya mikoko, moja ikipita juu ya uso wa bibi harusi. Nikaambiwa filamu ilikwisha muda. Filamu iliyokwisha muda kwa kawaida hufifia na kupata utusitusi sehemu zote kwa pamoja, haioti matawi.

Kwa hiyo mteja akipewa picha yenye michirizi, adai negativu, yaani filamu yenyewe iliyokwisha kusafishwa, aitazame mwangani. Mkwaruzo ni mstari ulionyooka unaofuata urefu wa mkanda. Mwanga uliovuja kupitia tundu la kamera huingia kama wingu, mara nyingi kutokea ukingoni. Cheche huacha matawi au vidoa, vyeusi kwenye negativu ya rangi nyeusi na nyeupe na vyeupe kwenye picha. Negativu haitasema kama cheche iliruka kwenye kamera au kwenye chumba cha fundi, lakini angalau mazungumzo yataanzia mahali pa kweli, na fundi naye atalazimika kueleza mkanda aliuchomoa vipi.

Mpigapicha mstaafu,
Chake Chake, Pemba