Malalamiko: Walinzi wenu na ile rada ya mkononi

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ila sijui heshima yenyewe itafika mpaka aya ya ngapi.

Utaratibu wenu mnaujua, mmeubandika wenyewe pale kwenye geti la ukumbi mnaoulinda: ile rada ya kutafuta silaha chini ya nguo ikilia, mtu anaitwa pembeni, anakaguliwa faragha, na mlinzi wa jinsia yake. Sasa ni kipengele gani kinachomruhusu mlinzi wa kiume asimame mita kama 10 kutoka nilipo, aninyooshee lile dude, halafu apaze sauti "huyu mama ana silaha, mikono juu!" foleni nzima ikisikia? Watu wakatawanyika, wengine wakalala chini. Nikamwambia kaka, ni mkanda wa mgongo, una vyuma ndani, nimepewa hospitali. Akanijibu "mashine haidanganyi", nipandishe blauzi. Nikapandisha. Akasema vua huo mkanda. Nikavua pale pale nimesimama, na huu mgongo umefanyiwa upasuaji, na supavaiza wenu akauchukua akaugeuza geuza akacheka, "pita mama, kumbe mabati tu."

Mabati tu.

Nikawaandikia imeili kistaarabu, mkanijibu kwamba "kifaa kilifanya kazi inavyotakiwa". Hapo ndipo mliponimaliza kabisa. Nani kawaambia nalalamikia kifaa? Nimefundisha fizikia miaka yangu yote ya kazi, nalijua hilo dude kuliko aliyelishika. Ni mawimbi ya milimita, yaani mawimbi ya redio mafupi sana, yanapenya nguo, yakifika kwenye ngozi yanarudi kwa sababu mwili umejaa maji, yakikuta chuma yanarudi kwa nguvu zaidi na kwa namna tofauti. Kazi ya rada inaishia hapo, inasema kuna kitu. Bunduki au mkanda wa mgonjwa, hiyo ni programu inakisia. Na kwa mbali inakisia vibaya zaidi, maana antena ya kushika mkononi ni ndogo na mwale unatanuka: chukua rada ya gigahetsi 77 yenye antena ya sentimita 10, ukifika mita 10 mwale una upana wa kama sentimita 40, yaani kiwiliwili changu chote kimeingia humo. Umbo la bastola mlinzi wenu kaliona wapi? Aliona taa nyekundu tu, hayo mengine katunga yeye.

Na faida ya kupima mtu kwa mbali mnaijua, mnaitangaza kila siku. Ni ili mlinzi asisogelee mtu ambaye huenda kweli kajifunga bomu, apate nafasi ya kufikiri, awaite wenzake kimya kimya. Sasa kama angekuwa mtu mwenye bunduki kweli, kumpigia kelele katikati ya foleni ya watu na watoto ndiyo usalama huo? Mnacheza na roho za watu jamani.

Tena kabla ya hayo yote, kule mwanzo wa foleni nilishamwambia mlinzi wa kwanza kuhusu mkanda, nikamwonyesha na cheti cha daktari, akaitikia "sawa mama, pita tu mbele". Redio kolu alikuwa nayo kiunoni. Kubonyeza tu awaambie wenzake, ikamshinda.

Narudia ili msiseme hamkuelewa. Mwanaume kanipandishisha blauzi hadharani. Nimesimama tumbo wazi, mkono mmoja umeshika blauzi, mwingine unahangaika na gundi za mkanda, na kijana mmoja kwenye foleni ananirekodi na simu, na mlinzi anamwona na hamkatazi. Wa kike alikuwepo! Alikuwa amekaa kwenye kiti hatua chache pembeni, hakuitwa, na yeye hakuinuka. Supavaiza kaninginiza mkanda wangu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, halafu akacheka, na wenzake nao wakacheka. Mabati tu. Kuuvaa tena nilisaidiwa na mwenzangu wa foleni, mtu nisiyemjua, si nyie.

Nilichotaka mwanzoni ni barua ya kuomba radhi basi. Baada ya ile imeili yenu radhi peke yake haitoshi. Nataka mnieleze kwa maandishi rada ilihifadhi nini kuhusu mwili wangu na lini kitafutwa. Msiniambie haiwezekani, viwanja vya ndege vya Marekani viliondoa mashine za eksirei zilizokuwa zinachora mwili wa abiria mwaka 2013, wakabaki na za mawimbi ya milimita zinazoonyesha kikaragosi tu, wote sura moja. Nataka hela ya tiketi yangu. Nataka wale walinzi wafundishwe upya, hapana, yule mlinzi na supavaiza wake waondolewe getini kabisa, kwa sababu mtu anayecheka mgonjwa hafundishiki. Na fidia, kiasi mtakaa na wakili wangu, sitaki kupangiwa na mtu wa kasta kea.

Mna siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, nakwenda mahakamani, na nakala naipeleka kwa wenye ule ukumbi waliowapa tenda, na kwa kila mwenye ukumbi mwingine nitakayesikia mnamfuata na hizo rada zenu. Video ya yule kijana ninayo, nilimwomba akanitumia, sauti ya supavaiza inasikika safi kabisa.

Na ile meseji yenu ya kuniuliza "umefurahia huduma yetu?" msinitumie tena.

Mteja wenu,
jina na namba ya tiketi mnavyo kwenye imeili yangu ya kwanza, kama mliisoma.