Namba za umbali wa ndege zinawadanganya wasafiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hizi programu za intaneti za kupimia umbali kati ya viwanja vya ndege, maana watu wanaziamini mno na hata nyie waandishi mnazinukuu kama vile ni ratiba.

Kinachofanyika pale ni hesabu tu. Inapima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, inagawa kwa spidi ya jeti, kama kilometa 800 au 900 kwa saa, nyingine zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Kwa miji mikubwa haikosei sana. Balaa ni viwanja vya mbali.

Chukua St Helena, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini, na Mataveri kwenye Kisiwa cha Pasaka kule Pasifiki. Njia fupi ni karibu kilometa 10,500 na programu itakwambia masaa 12 au 13 hivi. Sasa ndege hiyo haipo! Msafiri wa St Helena anaanza kwa kwenda upande mwingine kabisa, mashariki mpaka Johannesburg, hapo ndo ageuke avuke bahari ile ile mpaka São Paulo, halafu Santiago, kisha apande ya Mataveri ambayo nayo ni masaa matano na zaidi juu ya maji matupu. Jumlisha, zinapita kilometa 17,000. Na kwa vile ndege ya St Helena mara nyingi ni moja tu kwa wiki, wakati wa kurudi ukichelewa kuunganisha unaweza kukaa Johannesburg siku kibao.

Halafu kuna upepo, ambao programu haiujui kabisa. Kati ya Santiago na Mataveri kwenda kunachukua muda mrefu kuliko kurudi, njia ni ile ile, kisa ni upepo mkali wa juu unaovuma toka magharibi. Pale St Helena ndo usiseme, kiwanja kiko juu ya majabali na upepo unageuka ghafla kwenye kutua, ndo maana ndege za abiria za ratiba zilichelewa kuanza mpaka Oktoba 2017, kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda meli toka Cape Town, siku tano hivi baharini.

Na sio kwamba inakosea kwa kupunguza tu. Kule Scotland kuna ndege ya Westray kwenda Papa Westray, kilometa 2.7, ratiba inasema dakika mbili na ilishawahi kuruka kwa sekunde 53, ukiongeza ile nusu saa yao unapata kichekesho.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu wanaoishi visiwani hawaendi kutalii, wengine wanamfuata daktari, wengine wanawahi msiba, na ndugu zao wanaangalia simu wanasema mbona ni masaa machache tu.

Kwa hiyo Mhariri, mkiandika habari ya safari ya mbali tupeni vituo vya kubadilishia ndege, siku inazoruka na aina ya ndege, maana ndege ya pangaboi inayokwenda kilometa 500 kwa saa haiwezi kuhesabiwa kama jeti.

Msomaji wenu