Saa ya bronzi isisuguliwe na ndimu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya saa za wazamiaji, maana imenikera pale iliposema saa ya bronzi ikianza kufifia na kutoka madoa ya kahawia basi imeshika kutu, dawa yake eti isuguliwe na ndimu mpaka ing'ae. Jamani hapana! Kutu ni ya chuma, inakila mpaka kinabomoka. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, nyingine na alumini, na shaba ikikutana na hewa, jasho na chumvi inajivika tabaka jembamba la kahawia ambalo linailinda metali iliyopo chini yake. Ukija na ndimu asidi inaling'oa lote, metali inabaki uchi na inaanza kubadilika upya, sasa hapo umefaidika nini?

Kwenye saa ya mzamiaji karibu kila kitu kina sababu. Ile ringi ya juu ya kuhesabia dakika inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo hata ikigongwa huko chini kwa bahati mbaya itakuonyesha umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa kweli, utapanda juu mapema na hewa bado ipo. Mishale inawaka gizani, na kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka saa ihimili kina cha angalau mita 100. Bronzi nayo ina sababu yake, ni metali ya baharini tangu zamani, propela za meli mpaka leo zinatengenezwa kwa aina za bronzi kwa vile inavumilia maji ya chumvi. Kampuni ya saa ya Panerai walitoa ya kwao ya bronzi 2011, halafu 2016 wakaja wenzao Tudor na Oris, na ile ya Oris ilikuwa kwa heshima ya Carl Brashear, yule mzamiaji wa jeshi la majini la Marekani aliyekatwa mguu na bado 1970 akafika daraja la juu kabisa la wazamiaji, Mmarekani mweusi wa kwanza kulifikia. Bronzi pale ni ya kukumbusha zile helmeti nzito za shaba za enzi zile, na mimi naona hakuna metali ingeifaa zaidi saa hiyo.

Lakini utamu wenyewe ni huu, saa mbili zimetoka kiwandani siku moja, ya anayeogelea baharini inaota ukijani kwenye mifereji ya ringi, ya anayekaa ofisini inaiva polepole mpaka rangi ya chokoleti, baada ya mwaka hakuna atakayezichanganya. Stenlesi haikupi hiyo, inakupa mikwaruzo tu. Ndo maana hata wale wanaoifungia saa mpya na yai la kuchemsha ili salfa ya yai iizeeshe haraka siwaelewi kabisa, wanatafuta alama za maisha ambayo saa haijayaishi.

Matunzo yapo ila ni madogo. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe, na ukiona unga wa kijani unaopukutika huo utoe kwa brashi laini maana chumvi imeganda hapo na itaendelea kula. Mfuniko wa nyuma mara nyingi ni wa stenlesi au titani ili bronzi isiitie ngozi ukijani, huo hauhitaji kitu.

Naomba mrekebishe ile sehemu ya ndimu kabla watu hawajaziharibu saa zao.

Msomaji wenu