Wito wa Harambee: Tumlete Mwalimu wa Matoazi

Kwa wazazi, majirani na marafiki wa darasa letu la Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, Parklands, Nairobi.

Watoto wetu wanacheza vizuri, ila wanacheza kwa muziki wa spika. Wimbo ukishaanza hauna habari na mtoto aliyeteleza, unakwenda zake naye anaukimbiza. Kule Tamil Nadu ilikotoka ngoma hii, kazi ya kumfuata mchezaji na kumwongoza ni ya mtu anayeitwa nattuvanar. Hukaa pembeni mwa jukwaa, matoazi mkononi, akitamka silabi za mdundo, *ta dhi gi na tom*, macho yakiwa kwenye miguu ya mchezaji na masikio kwenye njuga. Darasani huweka matoazi chini, akachukua fimbo na kugonga kigogo. Anajua wimbo, hesabu ya mapigo na hatua zote, na yeye ndiye huamua nani yuko tayari kupanda jukwaani.

Ujuzi huu ulirithiwa ndani ya familia. Mwanzoni mwa karne ya 19 ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, walitumikia baraza la mfalme Serfoji wa Pili huko Thanjavur, mji wa Tamil Nadu. Mpangilio wanaoufuata watoto wetu, kuanzia alarippu, ngoma ya kufungulia, kupitia varnam, ile ndefu ya katikati, hadi tillana ya kufungia, umetoka mikononi mwao. Katika ukoo huo alitokea Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur (1869–1954), mwalimu wa mchezaji Rukmini Devi, na Rukmini ndiye aliyeanzisha Kalakshetra, shule ya sanaa, mwaka 1936. Alitokea pia Kittappa Pillai, aliyefariki 1999. Huyu alimpokea kama mwanafunzi Narthaki Nataraj, ambaye jamii ilimtenga kwa kuwa alizaliwa na mwili wa kiume ilhali ni mwanamke. Mwaka 2019 Serikali ya India ilimtunuku Narthaki nishani ya Padma Shri. Mimi binafsi, kwa kumpokea ndipo ninapomheshimu zaidi mzee Kittappa.

Lakini historia hii ina deni ndani yake. Waliocheza zamani ni wanawake waliowekwa wakfu hekaluni, devadasi, na sheria ya 1947 ya Madras, jimbo la kusini mwa India wakati huo, ikapiga marufuku desturi hiyo. Ngoma ikahamia kumbi za mjini, ikawa fahari ya familia zenye nafasi. Walimu wa kurithi walifuatwa, wakachotwa walichokijua, na mara nyingi jina lililong'aa likawa la mwanafunzi peke yake.

Ndiyo maana kamati imekata shauri kwamba mwalimu tunayemwalika kutoka Thanjavur, aliyefunzwa na babake, hatapewa shada la maua na asante. Atalipwa. Ujira wa wiki nane ni shilingi 400,000. Tiketi na kibali cha kazi ni 150,000, na mridangam, ile ngoma ya pande mbili, pamoja na matoazi na fimbo, ni 70,000. Jumla 620,000. Kuna waliouliza kama ujira hauwezi kupunguzwa. Tukipunguza chochote, kipungue kwingine. Malazi yameshapatikana, familia moja imetoa chumba, na mama wa nyumba ameahidi sambar, mchuzi wa dengu, kila siku, mvua inyeshe jua liwake.

Mkononi tuna 185,000. Zimebaki 435,000.

Harambee itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, ukumbini tunamofanyia mazoezi. Idli, vada na kahawa ya maziwa vitauzwa, na watoto watacheza alarippu. Mgeni wa heshima hatujaalika, kwa kuwa hotuba huchelewesha chakula. Asiyeweza kufika atume kwa M-Pesa. Namba atapewa na mweka hazina, naye hutoa risiti hata kwa shilingi hamsini. Ahadi pia tunazipokea, ilmradi ziwe zimelipwa kabla ya tiketi kukatwa. Na kama kuna fundi seremala kati yenu, tunahitaji kigogo kigumu cha kugongea, kisichopasuka.