Mmenibadilishia betri na stata, ugonjwa uko kwenye alteneta

Kwa meneja wa gereji, Mtwara mjini

Habari za kazi. Mimi ndo mwenye ile pikapu ya dizeli ya kubebea korosho. Nikija hapo kaunta kila saa naambiwa bosi katoka, njoo kesho, kwahiyo nimeamua kuandika na risiti zote nimeziambatanisha humu.

Shida niliwaeleza vizuri tu toka mwanzo: gari ikishinda barabarani haina neno, ikilala asubuhi inagoma, ikilala wikiendi nzima ndo basi, hata taa za dashibodi haziwaki. Fundi wenu akafungua boneti, akatikisa terminali, akasema betri imekufa, nikanunua mpya dukani kwenu hapohapo. Haikuchukua muda ikarudi kulekule. Safari hii mkasema stata ndo inakula moto, mkafunga nyingine na ile yangu mkabaki nayo. Hakuna hata mmoja aliyeshika mita ya kupimia umeme jamani! Hilo linaniuma kuliko hata hela.

Nikaja kukwama Newala, asubuhi na ile baridi ya kule juu, mzigo wa watu uko nyuma, stata inalia tak tak tak tu, ikabidi vijana wasukume mpaka kwenye mteremko ndo ikashika. Na nyie mnajua dizeli sio petroli, kompresheni yake ni kubwa, halafu hita plagi, zile za kupasha moto ndani ya injini, zinavuta umeme wa kutosha kabla stata haijazunguka, betri ikishuka kidogo tu habari imeisha.

Masasi nikapata fundi umeme mmoja kijana. Akaichaji betri mpaka volti 12.6, gari ikalala kwake. Asubuhi kabla hajawasha kitu akaniambia weka mkono kwenye alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, nikaweka, ina uvuguvugu, wakati injini yote pembeni ni ya baridi kabisa! Akatoa waya wa negativu kwenye betri, akaunganisha mita katikati, milango imefungwa, funguo nje, akasubiri gari itulie. Ikasoma karibu ampea 2. Gari iliyozimwa kwa kawaida haitakiwi kuzidi miliampea 50. Akachomoa fyuzi moja moja, namba haikusogea, alipofungua ule waya mnene wa alteneta ikaanguka palepale. Diodi za ndani ya alteneta, zile za kuzuia umeme wa betri usirudi nyuma, zinavujisha. Ndo maana ukiwasha inachaji vizuri tu, volti 14 na kitu, na mtu asiyepima atasema alteneta nzima. Ampea 2 kwa saa 12 ni ampea-saa 24 zimeondoka, betri yenyewe ya 70, usiku wa pili unabaki na nini hapo?

Sasa naomba haya. Stata yangu ya zamani nirudishieni na ipimwe mbele yangu, ikizunguka vizuri mnirudishie hela ya ile mpya pamoja na ya ufundi. Betri mliyoniuzia imeshakaushwa mara nyingi na betri ya gari ikikaushwa hivyo inachoka, kwahiyo ipimeni kwa mzigo wa umeme, na ikionekana imeshuka mnipe nyingine kwa waranti, maana mliifunga nyie wenyewe kwenye gari ambalo hamjalipima. Na mafundi wenu wapeni mita, bei yake haifikii hata robo ya betri moja, wenzangu wa korosho wanaleta magari hapo kila msimu.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya Ijumaa, namba yangu iko kwenye risiti.

Mteja wenu,
Mikindani