Pete ya kiko chako haikubadilishwa

Sisi ni mafundi wa kusafisha viko vya kuvutia tumbaku. Lawama hii tumeizoea, ila wiki iliyopita ilitolewa kwa sauti ya juu mbele ya wateja wengine: "Niliwaletea pete ya fedha, mnanirudishia bati la njano!" Kaka huyo alileta kiko cha marehemu baba yake, chenye pete pale mrija unapoingia kwenye mti. Maneno yale yalituumiza, kwa hiyo tunajibu hapa.

Pete ile haikuwahi kuwa fedha tupu. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, na herufi EPNS, alama ya mchanganyiko huo, zimegongwa juu yake, ndogo kiasi kwamba bila lenzi huzioni. Kwa maelezo yake mwenyewe, kabla ya kuja kwetu alikuwa akiisugua kwa dawa ya meno na waya wa kusugulia sufuria. Ganda la fedha liliishia nyumbani kwake. Sisi tuliondoa weusi uliokuwa umefunika sehemu zilizochubuka, na unjano ukaonekana.

Sasa kila kiko tunakipima kwa lenzi mteja akiwa amesimama hapo, na tunayoyaona yanaandikwa kwenye risiti. Ukiwa na haraka, rudi siku nyingine. Hatupokei kiko juu juu.

Fedha halisi huwa na chapa yake. Viko vingi vya zamani vinavyotufikia vilitoka Uingereza: simba anayetembea maana yake ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000, nanga maana yake fedha ilipimwa Birmingham, kichwa cha chui ni London, na kuna herufi ya mwaka. Chapa hizo ndizo thamani ya kiko. Pete yenyewe ni nyembamba, na ukiipeleka kwa fundi mwenye mota ya kupolishia, atakurudishia kitu kinachong'aa kama kioo na simba amefutika. Mzee mmoja wa Usa River alituletea cha namna hiyo akitaka tumrudishie alama. Alama hairudi.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi zaidi ni ile ya foili, magadi na maji ya moto. Ni kweli inatoa weusi kwenye kijiko cha fedha. Lakini kijiko hakina mti! Dada mmoja wa Njiro alilaza kiko kizima humo usiku kucha. Asubuhi pete ilikuwa nyeupe safi, mti umevimba, rangi imetoka, na mrija haukuingia tena. Mti ulipokauka ukanywea, pete ikaanza kucheza. Kukausha polepole, kubandika pete upya, kurudisha rangi na nta: alilipa mara kadhaa ya bei ya usafi wa kawaida, na bado mti una ufa mdogo.

Usafi wa kawaida kwetu ni shilingi 30,000, na tunajua wengine wanaona ni nyingi kwa "kupangusa tu". Mti tunaufunika kwa selotepu ya karatasi hadi ukingoni mwa pete. Fedha tunaisugua kwa kidole na kitambaa cha pamba, kwa chaki laini iliyolowa spiriti, tukizunguka chapa bila kuipanda. Ndani tunakwangua masizi na kuacha utando mwembamba, kama milimita moja, kwa sababu utando mnene hupanuka kwa joto na kupasua bakuli la tumbaku. Mrija tunausafisha peke yake.

Mrija huo ndio jibu kwa wanaolalamika kwamba pete imerudi nyeusi baada ya muda mfupi. Mirija mingi ya zamani ni ya ebonaiti, mpira mgumu uliopikwa na salfa. Ukianikwa juani hugeuka kijani na kutoa salfa, na salfa ndiyo inayotia fedha weusi. Kiko kinachokaa dirishani, au kilichofungwa kwa rababendi, kitakuwa cheusi hata kingesafishwa na nani. Kifunge kwa kitambaa kikavu, kiweke kabatini.

Viko vya jiwe jeupe lililochimbwa Sinya, kaskazini mwa Tanzania, vile vilivyotengenezwa hapa hapa Arusha, tunavipokea kwa bei nyingine. Jiwe lile hunywa maji na kulainika, na kisu kikiteleza mara moja limechimbika. Bakuli lake tunalipangusa kwa karatasi laini kikiwa kimepoa, basi.

Mrija ukikwama, usiuzungushe kwa koleo, na usiuchomoe kiko kikiwa bado cha moto. Usikioshe kwanza ili tusikione kichafu. Kilete na masizi yake, hivyo hivyo kilivyo.